Waliookoka na Nyumba Iliyowalea

Kwa muda mrefu sasa limekuwa likitembea katika vijiji vyetu, tangu Kiberege hata Mlimba, neno moja ambalo wasomaji wengi bila shaka wamelisikia: kwamba shule haimwokoi mtu, wala dini haimwokoi mtu. Husemwa na ndugu zetu waliookoka, nao hulisema kwa furaha kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sisi hatukushika kalamu ili kulipinga. Ni kweli. Hakuna cheti kinachofuta dhambi, na wenye vyeti vikubwa tumewaona wakiokotwa mitaroni usiku wa mwisho wa mwezi. Walakini neno la kweli laweza kuwa kama panga kali mkononi mwa mtoto, na twaona kwamba neno hili linakata siku hizi mahali pasipostahili kukatwa. Lamtenga kijana na daftari lake, lamtenga mhubiri na chuo, tena lawatenga waliookoka na nyumba walimozaliwa.

Twasema nyumba walimozaliwa, na hapo ndipo wengi watatubishia. Maana ndugu hawa hudhani kwamba uamsho ulishuka porini, mbali na makanisa yaliyopoa na shule zenye kiburi, ukawakuta watu wasiofundishwa na mtu yeyote. Basi na tutazame habari zenyewe.

Mwaka 1929 Daktari Joe Church, mganga wa misioni ya Gahini katika nchi ya Rwanda, alikutana huko Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika kazi za afya. Hao wawili wakakaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba. Huko Gahini palikuwa na hospitali, na kando yake shule ya kuwafundisha wainjilisti, na mwalimu wa shule hiyo alikuwa Blasio Kigozi, nduguye Simeoni. Watu wa kwanza kushikwa na moto ule walikuwa watu wa wodi na watu wa darasa. Hawakuwa watu wa porini. Blasio mwenyewe alipoona ubaridi wa Kanisa umemzidi moyo, hakwenda kufungua kanisa jingine chini ya mwembe. Alifunga safari kwenda Uganda kuwaeleza viongozi wake mambo yanayomsikitisha, akashikwa na homa huko huko, akafa Januari 1936, kabla baraza halijamsikia. Lakini maneno yake yalifika barazani.

Sasa twaja kwenye jambo la Mukono, ambalo wahubiri wengi hulitaja nusu tu. Katika chuo cha Bishop Tucker, kilichoko Mukono, mashariki ya Kampala, walikuwapo wanafunzi wa uchungaji walioguswa na uamsho, na kiongozi wao alikuwa William Nagenda, aliyeacha kazi ya serikali akaenda kutumika Gahini kabla ya kuja chuoni. Wanafunzi hao waliamka alfajiri sana, saa kumi ya usiku, wakaomba na kuhubiri. Walisema waziwazi kwamba ndani ya chuo kile mna wizi na uasherati, tena kwamba mafundisho mengine yanayotolewa darasani yanapunguza nguvu ya Maandiko. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, akatoa amri kwamba mtu asitoke kabla ya saa iliyowekwa, wala asihubiri wakati ule. Wao wakaona kwamba kutii amri hiyo ni kumkana Bwana. Oktoba 1941 wakafukuzwa, 26 kwa idadi.

Wahubiri wetu huishia hapo, wakasema: mwaona jinsi vyuo vinavyomfukuza Roho. Sisi twapenda kuendelea kidogo.

Kwa maoni yetu, chuo kilikosa katika jambo moja kubwa, nalo ni kujibu habari ya saa na kuiacha habari ya mashitaka. Mtu akisema kwamba wachungaji wa kesho wanaiba, basi yapaswa kuchunguzwa kama wanaiba. Akiwa mwongo, na aonywe kwa uongo wake. Kumwambia kwamba amesema mapema mno, kabla ya kengele, si jibu. Na wanafunzi nao walikosa, kwa kuwa waliufanya ushuhuda wao kuwa kipimo cha watu wote, hata asiyetubu kwa namna yao wakamhesabu kuwa bado yu gizani. Pale kiburi kilipigana na kiburi, kimoja kimevaa joho na kingine kimevaa machozi.

Jambo hili halikuwa geni duniani. Huko Oxford, Uingereza, mwaka 1768, wanafunzi 6 wa St Edmund Hall walifukuzwa kwa sababu ya kukusanyika na kuomba kwa desturi ya Wamethodisti. Na mkuu wa Wamethodisti alikuwa nani? John Wesley, mwalimu wa chuo katika Oxford ile ile, ambaye miaka 20 kabla ya hapo, katika 1748, alikuwa amekwisha kufungua shule yake huko Kingswood. Alifungiwa mimbari nyingi, akahubiri makondeni kwa wachimba makaa. Lakini alikufa mwaka 1791 angali kasisi wa Kanisa lililomfungia. Mtu aliyehubiri nje ya kanisa maisha yake yote, na asitoke! Tungependa wahubiri wetu wa viwanjani waitafakari habari hii siku moja, vipaza sauti vikiwa vimezimwa.

Turudi Mukono. Wale 26 waliofukuzwa hawakujenga kanisa lao. Nagenda hakupata uchungaji hata mwisho. Alizunguka Afrika na nchi za ng'ambo akihubiri, akiwa Mkristo wa kawaida wa Kanisa lililomfukuza. Uamsho ukabaki ndani ya nyumba, kama chachu iliyomo ndani ya unga. Na tuwatazame waliotoka humo. Festo Kivengere alikuwa mwalimu wa shule. Alifundisha hapa kwetu, Dodoma, kabla ya kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972. Janani Luwum alikuwa mwalimu wa shule. Aliokoka Januari 1948, mwaka uliofuata akaingia chuo cha Buwalasi, akawa Askofu Mkuu mwaka 1974, na Februari 1977 akauawa kwa sababu alimwambia Idi Amin neno la kweli. Josiah Kibira wa Bukoba naye alikuwa mwalimu, naye ni mtu wa uamsho. Mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Wote watatu walishika chaki kabla ya kushika fimbo ya uaskofu. Hatusemi chaki iliwaokoa. Twauliza tu: ni nani aliyewaambia vijana wetu kwamba ilitaka kuwapoteza?

Katika bonde letu la Kilombero mambo hayakuanza kwa namna nyingine. Wabenediktini walifika Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Wakapuchini wa Uswisi walichukua kazi hiyo, tangu 1921. Kwetu sisi Walutheri Injili iliteremka kutoka milima ya Ubena, ilikokuwa imeletwa na Misioni ya Berlin. Kila upande, mahali pasipo na padri wala mchungaji, aliwekwa mtu mmoja, na jina lake lilikuwa mwalimu. Asubuhi alifundisha irabu, mchana alifundisha katekisimu, Jumapili aliongoza sala, na mtu akifa yeye ndiye aliyesimama kaburini. Wazee wetu hawakuwa na majina mawili kwa kazi hizo, kwa kuwa hawakuona kuwa ni kazi mbili.

Bibi Maia Green, mwanachuoni wa Uingereza aliyekaa Ulanga kuchunguza maisha ya Wapogoro Wakatoliki, alitoa mwaka 2003 kitabu kiitwacho Priests, Witches and Power. Humo anaonyesha kwamba watu waliingia dini kwa wingi kwa mlango wa shule za misioni, na kwamba baadaye Ukristo ukawa kitu cha kurithi, kama ukoo, huku mambo ya jadi yakiendelea kando yake. Waliookoka wangekisoma kitabu hicho wangesema, Amina, ndiyo hayo tuyasemayo! Nasi twakubali kwamba yamo mengi ya kweli ndani yake. Wapo kati yetu ambao jina la Petro au Maria waliandikiwa kwenye daftari la mahudhurio kabla hawajajua Petro ni nani.

Ila kuna jambo ambalo hesabu ya namna hii hailioni. Bibi yetu mzaa mama alikwenda shule ya misioni kwa sababu moja tu, kwamba alitaka kuzisoma barua za kaka yake aliyekuwa kwenye mashamba ya mkonge, asipitie kwa jirani mwenye mdomo mrefu. Alikwenda kwa ajili ya barua, akatoka na Agano Jipya, na Agano hilo alilisoma mpaka kurasa za Yohana zikawa laini kama kitambaa. Je, aliingia kwa mlango wa shule au kwa mlango wa imani? Yeye mwenyewe hangelielewa swali hilo. Na Biblia ambayo ndugu zetu huinua juu kwenye mikutano, ile iliyotoka nzima mwaka 1952 kwa umoja wa misioni mbalimbali, ilipatikana kwa miaka mingi ya wafasiri, kamati, wapiga chapa, na walimu wa irabu. Roho aliyeongoza mkono wa mfasiri hakuidharau kamati.

Kwa hiyo mwachano ulitoka wapi? Sisi twadhani ulianza mwaka 1970. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua shule za misioni, isipokuwa seminari. Hatulaumu jambo hilo. Mtoto wa Kiislamu wa Ifakara alikuwa na haki ya kusoma sawasawa na mtoto wa katekista, na hapo kwanza hakuipata. Lakini matokeo yake mojawapo hayasemwi sana. Yule mwalimu mmoja alikatwa akawa watu wawili. Mmoja alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara na vitabu, asiyelazimika kusali na mtu. Wa pili alibaki kanisani, mwinjilisti au katekista, mwenye baiskeli ya zamani, posho ya mpunga wakati wa mavuno, na elimu aliyokuwa nayo basi. Tangu hapo aliyejua kusoma hakuhubiri, na aliyehubiri hakuongezewa kusoma. Waliookoka walipokuja na bidii yao walikuta pengo hilo liko wazi, wakaingia. Nani awalaumu? Walihubiri pale ambapo sisi walimu tulikuwa tumenyamaza.

Mwaka 1992 makanisa yalifanya mapatano na serikali, na baada ya hapo shule za makanisa zikazidi kuongezeka; hata vyuo vikuu vikaanzishwa. Ifakara yetu, ambayo zamani ilijulikana kwa mpunga na mbu, tangu 2010 ina chuo kikuu cha uganga, cha Mtakatifu Fransisko, karibu na hospitali ya jina hilo. Haya ni ya kujivunia, nasi twajivuna. Walakini yatupasa kusema pia kwamba shule nyingi za makanisa leo zina ada ambayo mwinjilisti wa Mngeta hawezi kuilipa hata akiuza mpunga wote wa shamba lake pamoja na ng'ombe asiye naye. Mzee akaaye nje ya ukuta wa shule iliyojengwa kwa sadaka za babu yake, akiutazama ukuta ule na vipande vya chupa juu yake, hahitaji mhubiri wa kumwambia kwamba shule haiokoi. Amekwisha kuona.

Hayo ni makosa ya nyumba. Makosa ya waliookoka nayo tuyaseme, maana mapenzi yasiyosema kweli ni unafiki.

La kwanza ni habari ya watoto. Tumeona kalamu za mtihani wa darasa la saba zikipelekwa mbele ya madhabahu zikaombewe. Hilo hatuoni ubaya wake. Hata sisi tuliombewa. Lakini mtoto mmoja wa darasa letu, ambaye kalamu yake ilikuwa imeombewa vizuri kuliko zote, alikuwa amekesha usiku tatu mfululizo kwenye mkesha, na saa nne asubuhi alilala juu ya karatasi ya hesabu, mate yakaifuta namba yake. Kalamu ilikuwa mzima kabisa.

La pili ni kwamba wanaokimbia taasisi hawafiki mbali kabla hawajaijenga nyingine. Leo yasemwa Roho haandikwi; kesho katiba imekwisha pelekwa kwa Msajili, yenye mwenyekiti, mweka hazina, na muhuri wa mviringo. Askofu Moses Kulola alipotoka TAG na kuanzisha EAGT mwaka 1991, hakuliacha kundi bila mpango. Na tunaheshimu kwamba makanisa hayo ya Kipentekoste yana vyuo vya Biblia. Tunaowasema ni hawa wadogo wa juzi, ambao kila mmoja hutoka kwa mwenzake kwa sababu ya kiti, na cheo cha mtume hujipa wenyewe kabla paa halijaezekwa. Sisi Walutheri tuna neno Kiinjili ndani ya jina la kanisa letu tangu 1963, makanisa saba yalipoungana, wala hatukumnyang'anya mtu. Basi asituambie mtu wa jana kwamba Injili ni yake peke yake.

Shuleni nako ugomvi huu umeingia. Wanafunzi wa UKWATA, wa CASFETA, na wa TYCS kwa upande wa Wakatoliki, hukaa bweni moja na kula ugali mmoja, na mara nyingi hupatana vizuri kuliko wakubwa wao. Lakini usiku wa manane unapoingia na mmoja akaanza kunena kwa sauti, ndipo mwalimu wa zamu huamshwa.

Hapo hatuna budi kueleza jambo letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa walimu wa nidhamu katika shule moja ya bweni ambayo hatutaitaja. Palikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyeokoka wakati wa likizo. Kila siku saa kumi usiku alisimama kati ya vitanda akawahubiri wenzake, na mahubiri yake yalikuwa juu ya maharage. Alisema maharage ya stoo yanaibwa, na wanaoiba wanajulikana, na hasira ya Mungu iko juu ya jiko lile. Wenzake walilalamika kwa ajili ya usingizi. Sisi tukamwita ofisini tukamsomea sheria ya bweni: kengele ya kuamka ni saa kumi na moja na nusu. Akasema, Mwalimu, na maharage je? Tukamwambia hatukumwita kwa habari ya maharage. Aliporudia, tukaandika barua ya kumrudisha nyumbani wiki mbili. Wiki mbili zikapita, kisha muhula, na hakurudi tena. Mwaka ule ulipokwisha stoo ilihesabiwa, na tuseme tu kwamba kijana alikuwa amesema kweli.

Wakati huo tulikuwa hatujasoma habari za Mukono. Tulipozisoma baadaye, tulikifunga kitabu tukakaa kimya kwa muda.

Mwaka jana, mavuno yalipokwisha, alifika nyumbani kwetu Ifakara kwa baiskeli, pamoja na wazee wawili. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Akasema, Shikamoo, mwalimu. Tukaitika marahaba, tukawapa viti na uji. Ana ushirika wake ng'ambo ya mto, watu kama 40, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Alikuja kwa shida moja. Wazee wake hawasomi vizuri. Mmoja wao, Jumapili moja, alisoma ile habari ya mjane aliyemwendea kadhi dhalimu bila kuchoka, lakini badala ya mjane alisoma mjanja, akahubiri nusu saa juu ya mjanja na werevu wake mbele ya wakubwa, na watu wakaitika Amina. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi pale akiangalia uji wake. Akasema, mwalimu, nililiona neno, lakini macho yalikimbia.

Kijana wetu akaomba tuwafundishe kusoma. Tukataka kumwuliza kama bado anahubiri kwamba shule haiokoi, lakini ulimi ukawa mzito. Badala yake tukamwomba radhi kwa habari ya maharage. Alicheka. Akasema alikwisha kutusamehe siku nyingi, ila angependa kujua kama yangali yanaibwa.

Wanakuja kila Alhamisi jioni, saba kwa idadi, pamoja na mama mmoja ambaye sasa amewapita wanaume wote. Tumeanza na Luka. Alhamisi iliyopita maji yalikuwa yamepita juu ya barabara, wakaja watano.